Kusubiri Mkojo wa Mtoto

Nimekaa maabara miaka mingi kiasi kwamba nikikutana na mtu barabarani pale Mikumi, mara nyingi nakumbuka majibu yake kabla sijakumbuka jina lake. Yule alikuwa na minyoo. Yule sukari yake ilikuwa juu, na sasa hivi namwona na soda mkononi. Nanyamaza, maana siri za watu ndizo zinazotulisha, lakini macho hayana breki.

Miezi michache iliyopita niliitwa semina Morogoro, sisi watu wa maabara kutoka wilaya mbalimbali. Mkufunzi alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa hadi mikunjo inasimama. Alitufundisha habari za alama zinazotafutwa kwenye mkojo wa watoto wadogo ili kugundua UTI mapema. Chembe nyeupe na naitraiti tunazijua wote, hizo kijiti cha kupimia kinazionyesha kwa kubadilika rangi. Lakini akasema watafiti wanafuatilia vitu vingine, protini ambazo figo na chembe nyeupe huanza kuzitoa mara tu vijidudu vinapoingia, na kwamba siku moja huenda matone machache yakatosha kutuambia kama ugonjwa umeishia kwenye kibofu au umepanda hadi kwenye figo. Wenzangu wakauliza vipimo hivyo vitatufikia lini. Mimi nilitaka kuuliza kama kuna alama inayosema mkojo ni wa nani. Nikajizuia, kwa sababu wangecheka, na mimi nisingeweza kucheka nao.

Jambo lenyewe lilitokea nilipokuwa kwenye kituo kidogo cha binafsi, pembeni ya barabara kuu, ambacho hakipo tena. Jengo lake sasa linauza mabati na misumari. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, jokofu lililonguruma kuliko malori ya nje, na dirisha dogo la kupokelea vikopo. Nilikuwa peke yangu. Damu, choo, makohozi, mkojo, vyote vilipita mikononi mwangu, na ikifika saa sita mchana ulimi wangu ulikuwa umeshachongoka. Wenzangu walisema nina mdomo. Sikubisha, niliona ni njia ya kufanya foleni isogee.

Kilichonichosha kuliko vyote ni mkojo wa watoto wadogo. Mtu mzima unampa kikopo, anaingia chooni, anatoka. Mtoto wa miezi kadhaa hana habari na wewe. Anakojoa anapotaka, na anapotaka ni pale mama yake alipogeuka kidogo. Kwa hiyo akina mama walibuni njia zao. Mmoja alikamua nepi ndani ya kikopo, nikaona povu la sabuni ya unga. Mwingine alichota kwenye poti iliyokuwa imekojolewa na watoto watatu tangu asubuhi. Kuna aliyeniletea mkojo kwenye chupa ya soda ambayo hakuisuuza, kijiti kikaonyesha sukari nyingi hadi nikamwita tabibu, na mtoto mwenyewe yuko kwenye benchi anatafuna nyanya. Wote niliwagombeza. Niliamini kwamba mtu ukimgombeza leo, kesho atakumbuka.

Binti ninayetaka kumweleza alikuja siku ya Jumatatu, siku ambayo foleni yetu ilifika hadi kwenye mtaro. Namwita binti kwa sababu sidhani kama alizidi miaka ishirini, lakini mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa miezi kumi na moja, mzaliwa wake wa kwanza. Walitoka Zombo kwa bodaboda. Mumewe alikuwa Kidodi kwenye kukata miwa, na nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe. Mtoto alikuwa na homa ya siku mbili. Tabibu wetu, bwana wa makamo asiyependa maneno mengi, aliandika apimwe malaria na mkojo. Malaria haikuwepo. Nikampa kikopo.

"Shikamoo dokta," alisema, maana kwake kila mwenye koti jeupe alikuwa dokta.

"Marahaba. Nataka mkojo wa mtoto, uwe msafi, usipite kwenye nepi. Ukiupata niletee hapa."

Akakaa kwenye benchi, mtoto mapajani, kikopo mkononi. Saa nzima ikapita. Akaja dirishani, nikadhani ameleta, kumbe kikopo kikavu. Nikamwambia akasubiri kabla hajasema neno. Baada ya muda akaja tena, kikopo kile kile, bado kikavu, na huko nje dereva wa bodaboda anapiga honi kwamba anachelewa.

"Mama," nikamwambia, "hapa si mahali pa kupunga upepo. Kila ukija mikono mitupu unanitoa kwenye darubini. Lete mkojo, au nenda nyumbani urudi kesho."

"Samahani, dokta," akajibu.

Haikupita robo saa akarudi na kikopo kimejaa nusu, bado kina joto. Nilifurahi. Nikasema moyoni, unaona sasa, ukiwabana wanaweza. Nikachovya kijiti, nikasubiri, na kila kimraba kikabaki na rangi yake ya mwanzo. Nikaandika kwamba hakuna maambukizi, nikatia sahihi. Tabibu akaona ni homa ya virusi, akampa dawa ya kushusha homa na kumwambia arudi kama hali haibadiliki.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Mtoto wa miezi kumi na moja, ana homa, hanyonyi vizuri, amekaa zaidi ya saa moja bila kutoa hata tone, halafu ghafla anajaza nusu ya kikopo cha wakubwa? Mtu yeyote aliyewahi kulea angeshtuka. Mimi nimelea watatu. Nilikiona kikopo kile, nikakishika, na nikashukuru tu kwamba foleni imesogea.

Walirudi Jumamosi. Mara hii hakunisalimia, na wala sikuona kuwa ni utovu wa adabu. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kinayumba, midomo imekauka, na mama yake alisema tangu jana yake kila anachonyonya anakitapika. Tabibu akaandika vipimo vile vile. Malaria haikuonekana tena. Binti akaja dirishani kuchukua kikopo, akapitisha mkono tu, uso ameuelekeza pembeni ili nisimwone. Nilimwogopesha mtu mzima mwenzangu kiasi hicho, mtu ambaye mtoto wake anazidiwa. Iliniuma.

Nikafunga dirisha. Foleni ikanung'unika, na mzee mmoja akauliza kama maabara imehamia Kilosa. Nikamwomba atulie. Nikatoka na kigoda, beseni, pamba na maji, nikamchukua binti hadi nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi la maji. Tukamwosha mtoto kwa maji matupu, tukamkausha. Nikamwambia amnyonyeshe hata kama ni kidogo kidogo. Mimi nikalowesha pamba kwa maji ya baridi nikawa naisugua taratibu chini ya kitovu cha mtoto, kwa kuzungusha, kama nilivyowahi kuonyeshwa na nesi mmoja wa wodi ya watoto. Inasaidia mtoto akojoe. Nilikuwa naijua njia hiyo miaka yote, na sikuwahi kuitumia hata mara moja, kwa sababu inataka mtu akae chini.

Tukakaa. Malori yalipita, nyani wawili wakaja kukagua shimo la taka, wakaondoka. Mkono wangu ulikuwa kwenye tumbo la mtoto na ule moto wa homa ulipenya hadi kwenye vidole vyangu. Binti alikuwa akinitazama kwa wizi.

"Dokta," akasema mwishowe, "nikikwambia kitu utanigombeza?"

"Sema."

"Ule wa Jumatatu haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wangu."

Mkono wangu ukasimama. Maneno ya kwanza yaliyonijia mdomoni siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa nimetia sahihi, na kwa ajili ya sahihi ile mtoto alikuwa amekaa siku tano anakunywa dawa ya homa huku ugonjwa wenyewe ukiendelea na kazi yake. Binti aliona uso wangu, akaongeza mwendo wa maneno.

"Mama mkwe aliniambia mtoto wa kunyonya akiumwa, dawa anakunywa mama, inampitia kwenye maziwa. Homa ilipoanza nilikunywa mizizi mimi, michungu kweli, yeye hakupewa hata tone. Nikawaza, kama dawa yake inapita kwangu, basi na ugonjwa wake si utaonekana kwangu? Si tunakula pamoja, si damu moja? Na nilikuona umechoka, dokta, na mtu wa boda anataka kuondoka. Ndiyo nikaingia chooni."

Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa papo hapo. Nilikasirika, tena sana, na hasira ilikuwa inatafuta pa kutokea. Kilichoizuia ni kumbukumbu ya nyumbani kwetu. Nimezaliwa Kilosa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako babu yangu aliletwa na kazi kutoka mbali na hakurudi kwao tena. Mdogo wangu wa mwisho alipougua akiwa ananyonya, bibi alichemsha mizizi, na mama ndiye aliyekunywa. Nilimshikia kikombe. Alikunywa, akakunja uso, akatema, akanywa tena hadi kikaisha, ndipo akampa mtoto ziwa. Hakuna mtu pale nyumbani aliyeona ajabu. Kwa hiyo huyu binti hakunidanganya. Alichukua kile alichofundishwa na wakubwa wake, akakifuata hadi mwisho, na kikamfikisha kwenye kikopo changu. Mimi niliyekuwa na cheti ukutani nilipewa mkojo wa mtu mzima nikaukubali kuwa wa mtoto.

"Ungeniambia," nilimwambia, na hata kabla sijamaliza nilijua ni maneno ya bure.

"Ndiyo nakwambia sasa," akajibu.

Niliona aibu, nikashindwa hata kumwangalia. Nikaendelea kuzungusha pamba.

Mtoto alipokojoa, mkondo wa kwanza uliishia kwenye sketi yangu. Nikawahi kikopo na kudaka uliofuata, kama vijiko vitatu hivi. Kabla ya kukojoa alikuwa amekakamaa na kulia kilio kidogo, kisha akanyamaza kabisa. Mkojo ulikuwa na ukungu, na harufu yake haikuhitaji mtaalamu. Nilikimbia nao ndani nikiwa na sketi yangu iliyolowa, watu wa foleni wakaniangalia.

Kimraba cha chembe nyeupe kikageuka zambarau kabla dakika mbili hazijatimia. Kile cha naitraiti hakikubadilika. Siku nyingine, nikiwa na haraka zangu, huenda ningeandika nusu kwa nusu na kumwachia tabibu aamue. Lakini hilo nalo nilikuwa nalijua: naitraiti hutengenezwa na vijidudu, na vinahitaji mkojo ukae kibofuni saa kadhaa. Mtoto mdogo hukojoa mara kwa mara, mkojo haukai, kwa hiyo kimraba hicho kikinyamaza usikiamini. Nikaweka tone kwenye darubini. Chembe nyeupe zilikuwa zimejazana, na katikati yake vijidudu vinacheza.

Nikampelekea tabibu majibu kwa mkono wangu. Akayasoma, akavuta kadi ya mtoto, akaona majibu ya Jumatatu.

"Mbona haya yalikuwa safi?"

"Sampuli ile haikuwa nzuri," nikasema.

Ni neno la kitaalamu, na linaficha mengi. Tabibu alikuwa na wagonjwa wengine, hakuuliza zaidi. Akamchoma mtoto sindano ya kwanza na kuandika rufaa ya kwenda Kilosa, akalazwe, mkojo ukaoteshwe ili kijidudu kijulikane, na figo zikapigwe picha. Binti akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Hajawahi kufika hospitali ya Kilosa, simu ya mumewe haipatikani, na mama mkwe yuko Zombo na hajui lolote. Nikavua koti. Nilijiambia nakwenda nao kwa sababu Kilosa ni kwetu na wodi ile naifahamu, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikuwa sababu.

Mtoto akalazwa jioni ile. Mimi nililala kwa baba yangu, na Jumapili nikashinda wodini nikipokezana na mama yake kumshika mtoto, ili naye apate kuoga na kula. Aliniuliza kama figo ni hizi hizi zinazoliwa za mbuzi, nikamwambia ndiyo, zinafanana. Akaniuliza kama mtu anaweza kuishi nazo zikiwa zimeumia. Nikamwambia inategemea zimeumia kiasi gani. Sikutaka kumdanganya, na jibu hilo halikumsaidia. Usiku ule, nilivyoambiwa asubuhi, homa ilianza kushuka, na mtoto alinyonya bila kutapika.

Jumatatu tuliitwa kwa daktari. Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na aliniamkia kabla hajashika faili. Pengine alidhani mimi ndiye bibi wa mtoto. Binti alikaa kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma kidogo na mtoto amelala mapajani mwangu. Daktari akatueleza kwa upole, bila kukimbia. Picha ilionyesha figo ya kushoto imevimba. Dawa zilikuwa zinafanya kazi, na mtoto atapona homa hii. Lakini maambukizi yakikaa muda mrefu kwenye figo ya mtoto mdogo yanaweza kuacha kovu, na kovu halionekani leo wala kesho. Atatakiwa kurudi kupimwa mara kwa mara, mkojo na presha, hata akiwa mkubwa. Niseme tu hapa hapa kwamba kovu lilibaki. Ni dogo, na mpaka leo mtoto yule, ambaye sasa anakwenda shule, anapimwa kwa ajili yake.

"Homa ilianza lini?" daktari akauliza, kalamu tayari. "Na mkojo mlipima lini mara ya kwanza?"

Binti akainamisha kichwa. Nilimwona kwa nyuma, shingo yake, na khanga iliyofungwa kwa haraka.

"Nilichelewa kumleta," akasema. "Nilikaa naye nyumbani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Halafu nikaelewa kwamba alikuwa ananisitiri. Mimi niliyemfokea, niliyeleta mikono yangu siku tano baadaye, alikuwa ananibebea kosa mbele ya daktari, na alilibeba bila hata kugeuka kuniangalia kama nimeona. Daktari alianza kuandika. Ningenyamaza, karatasi ingesema hivyo milele, kwamba mama alichelewa.

"Hakuchelewa," nikasema. "Alikuja siku ya pili ya homa. Mimi ndiye niliyepima. Nilimfukuza dirishani, mtoto akiwa hajakojoa, akaniletea mkojo wake yeye, na nikaupokea. Ulikuwa mwingi mno kuwa wa mtoto, na nilikuwa na macho."

Daktari akaniangalia. Sikuona hukumu usoni mwake, na ingekuwa rahisi kwangu kama ningeiona. Akakata mstari aliokuwa ameandika, akamgeukia binti.

"Basi nieleze wewe, mama. Kabla ya homa uliona nini?"

Na binti, ambaye tangu Jumamosi sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno machache kwa watu wa hospitali, akaeleza. Akasema karibu wiki nzima kabla ya homa nepi zilikuwa na harufu ambayo haikuwa ya kawaida, hata zikifuliwa na kuanikwa juani. Akasema mtoto alikuwa anakakamaa na kulia kabla ya kukojoa, akimaliza ananyamaza, hadi yeye akawa anajua kutokana na kilio tu kwamba sasa anakojoa. Akasema mkojo ulitoka kidogo kidogo, mara nyingi, na usiku alikuwa anajikunja upande mmoja, wa kushoto. Daktari aliandika kila kitu. Nilikuwa nasikiliza majibu kamili ya maabara, bila kijiti na bila darubini.

"Haya yote ulimwambia nani?" daktari akauliza.

"Nilikwenda kumwambia yeye," akasema, na kunionyesha kwa kidevu. "Mara mbili."

Hakusema kwa kunilaumu. Mtoto alikuwa ameamka na kuanza kutafuta, naye akageuka kwenye kiti akaninyooshea mikono nimpe, amnyonyeshe.